Ngeli za Kingamwili: Deni la Kiswahili kwa Watoto wa Machakos

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Msemo huu aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu mzito wa kuelewa mambo. Hata hivyo, msemo huo huo ukigeuzwa upande wa pili unazua swali zito: mtu ambaye hakupewa lugha ya kuijulia maana, je, alaumiwe kwa kutoijua? Swali hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani, na mahali pazuri pa kuliulizia ni Machakos.

Machakos inafahamika kwa mengi. Ulikuwa mji wa utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi kuchukua nafasi hiyo mwaka 1899, na jina lake linanasibishwa na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19. Inafahamika kwa vilima vya Iveti na kwa matuta ya mashamba yaliyookoa udongo usichukuliwe na mvua. Lakini liko jambo moja lisilotajwa sana hata Machakos kwenyewe, nalo ni kwamba damu ya watoto wa huko imeingia katika historia ya elimu ya kinga ya binadamu.

Makala haya yanashikilia kwamba elimu iliyotokana na damu hiyo bado haijaandikwa vya kutosha katika lugha ambayo wenye damu wanaielewa, na kwamba sehemu kubwa ya deni hilo iko mikononi mwa wasomi wa Kiswahili. Yanashikilia pia kwamba Kiswahili kina uwezo wa kulilipa, hata pale elimu yenyewe inapopenya hadi ndani ya seli na kuzungumzia alama za kikemikali zinazofungia na kufungulia jeni. Ili hoja isibaki kuwa maneno matupu, kurasa zinazofuata zinajaribu kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili, kisha zinaonyesha mahali ambapo istilahi zilizopo zinakwama.

Watoto wa Machakos walifunza nini?

Kichocho cha matumbo husababishwa na minyoo midogo inayoishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na matumbo na ini. Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na kinyesi. Yakifika katika maji ya kijito huanguliwa, na viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa viluwiluwi vingine hutoka kwa konokono vikiitafuta ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayechota maji. Katika jamii nyingi zenye ugonjwa huu, watoto ndio wanaobeba minyoo mingi zaidi, na idadi hiyo hupungua mtu anapokuwa mtu mzima. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba watoto hucheza majini na watu wazima hawachezi. Watafiti waliofanya kazi katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, hususan pande za Kangundo, hawakuridhika na jibu hilo. Miongoni mwao walikuwamo John Ouma wa Wizara ya Afya ya Kenya, na Anthony Butterworth, Robert Sturrock na David Dunne kutoka Uingereza. Walipima kinyesi na damu ya watoto wa shule, wakawatibu, kisha wakawafuatilia ili kuona ni nani atakayeambukizwa tena. Aidha, waliweka watu kandokando ya vijito kuandika ni nani aliyeingia majini na aliingia kufanya nini. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1983, na makala yaliyotolewa mwaka 1985 yakabainisha kuwa walikuwapo watoto, hasa wale wakubwa, ambao waliendelea kuingia katika maji yenye maambukizi lakini hawakurudiwa na minyoo mingi. Wadogo wao walirudiwa upesi. Maji yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa ndani ya miili.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba watoto wadogo hawakukosa kingamwili za kupambana na mnyoo huo. Walikuwa nazo tele. Mwaka 1987 Butterworth na wenzake walitoa hoja kwamba baadhi ya kingamwili za watoto hao zilikuwa zikiziba njia. Zilijishikiza kwa mnyoo mchanga bila kumdhuru, na kwa kufanya hivyo zikazinyima nafasi kingamwili nyingine ambazo zingeweza kuziita seli za kuua. Baadaye, utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 1991 na ule wa Kenya wa mwaka 1992 ulihusisha kinga dhidi ya kichocho na aina moja mahususi ya kingamwili, yaani aina E, ambayo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Aina nyingine, inayoitwa G4, ilihusishwa na hali iliyo kinyume, yaani kuambukizwa tena.

Kwa hiyo fumbo la Machakos halikufumbuliwa kwa kuhesabu kingamwili. Lilifumbuliwa kwa kuuliza ni kingamwili za aina gani. Na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kuyasogeza masikio yake karibu.

Sarufi iliyomo ndani ya seli

Kingamwili ni protini yenye umbo la panda, mfano wa tawi la kutengenezea manati. Ncha mbili za panda hiyo ndizo zinazomtambua adui na kumshika. Shina lake ndilo linaloamua kazi itakayofuata: kama adui atamezwa, atamwagiwa sumu au ataachwa tu akiwa amefunikwa. Kingamwili hutengenezwa na seli nyeupe za damu ziitwazo seli B, ambazo kwa mtu mzima huzaliwa na kukua katika uboho wa mifupa.

Wataalamu huyagawa mashina hayo katika makundi, na kwa kundi kama hilo Kiswahili kina neno lililokwisha kukomaa: ngeli. Zipo ngeli tano za kingamwili za binadamu, nazo ni M, D, G, A na E. Ngeli G ina vijingeli vinne na ngeli A ina viwili. Neno hili linafaa kuliko linavyoonekana mara ya kwanza. Katika maneno mtu, kitu na jitu, mzizi -tu haubadiliki. Kinachobadilika ni kiambishi, na kiambishi hicho ndicho kinachotawala upatanisho wa kisarufi katika sentensi nzima. Vivyo hivyo katika kingamwili. Seli B inapokua huanza kwa ngeli M. Baadaye, ikisha kukutana na adui, inaweza kubadili ngeli na kuwa ya G, A au E huku ncha inayomtambua adui huyo ikibaki ile ile. Ngeli ikibadilika, upatanisho wote unabadilika: seli zinazoitwa ni nyingine, silaha zinazotumika ni nyingine, na hatima ya mnyoo ni nyingine.

Mfano huu hauishii hapo. Ncha za kingamwili nazo huundwa kwa njia inayomkumbusha mwanafunzi mnyambuliko wa vitenzi. Kiswahili hakihifadhi kila umbo la kitenzi kama neno zima. Kina hazina ya viambishi vya nafsi, hazina ya viambishi vya njeo, hazina ya mizizi na hazina ya viambishi tamati, na msemaji huchagua kipande kimoja kutoka kila hazina. Jeni za kingamwili zina hazina za namna hiyo. Kwa mnyororo mzito wa kingamwili, hazina iitwayo V ina vipande vinavyofanya kazi vipatavyo 40, hazina D ina kama 23 na hazina J ina 6. Seli B changa huchagua kipande kimoja kutoka kila hazina, hukata DNA yake yenyewe na kuviunganisha. Arubaini mara ishirini na tatu mara sita ni zaidi ya 5,500, na hapo mnyororo mwepesi haujahesabiwa, wala herufi za ziada zinazochomekwa penye maungio. Mwishowe hupatikana mamilioni mengi ya ncha kutokana na vipande vichache. Susumu Tonegawa, aliyekuwa akifanya kazi mjini Basel, Uswisi, ndiye aliyethibitisha mwaka 1976 kwamba jeni za seli hizi hupangwa upya, na mwaka 1987 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kila mlinganisho una mpaka wake, na ni haki ya msomaji kuonyeshwa mpaka huo. Msemaji akisema kitu leo, kesho anaweza kusema mtu. Seli B haina uhuru huo. Jeni za ngeli zimepangwa kwa safu katika kromosomu ya 14, na seli inapobadili ngeli hukata na kutupa DNA iliyokuwa katikati. Kimeng'enya kinachoanzisha ukataji huo kilitangazwa na maabara ya Tasuku Honjo ya Kyoto, Japani, na mwaka 2000 kikathibitishwa kuwa cha lazima kwa kazi hiyo. Katika safu ya binadamu, G4 inafuatwa moja kwa moja na E. Ngeli iliyohusishwa na kuambukizwa tena na ngeli iliyohusishwa na kinga ni majirani wa ukuta kwa ukuta! Seli iliyoko G4 inaweza kusonga mbele hadi E, lakini iliyokwisha kufika E haiwezi kurudi G4, kwa sababu ukurasa huo umechanwa.

Sukuni juu ya herufi

Linabaki swali la nani anayeamua ni ukurasa upi usomwe. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile. Seli ya ini ina hazina zote za V, D na J, na ina ngeli zote kuanzia M hadi A, lakini haitengenezi kingamwili hata moja. Seli B yenyewe haizifungui jeni zake zote kwa mkupuo. Huanza na mnyororo mzito, hufuatia na mwepesi, na kungojea hadi wakati wa vita ndipo ibadili ngeli. Utaratibu huo una walinzi wengi, na mmojawapo ni alama ndogo iitwayo methili.

Methili ni kaboni moja na hidrojeni tatu. Katika DNA ya binadamu hubandikwa juu ya herufi C, aghalabu pale herufi hiyo inapofuatwa na G. Herufi yenyewe haibadiliki wala kufutwa. Kinachobadilika ni usomaji wake, kwani mahali penye alama nyingi za aina hii, hususan penye malango ya jeni, kwa kawaida huwa kimya.

Ni vigumu kueleza jambo hili kwa mfano ulio bora kuliko ule uliomo katika turathi ya Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi aliyewahi kufunua miswada ya tenzi za kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anajua kwamba herufi moja inaweza kutamkwa kwa namna kadhaa kulingana na alama iliyo juu yake au chini yake. Ikiwekewa fataha hutamkwa kwa a; ikiwekewa kasra hutamkwa kwa i; ikiwekewa dhumma hutamkwa kwa u. Ikiwekewa sukuni, hutulia. Methili ni sukuni ya jeni. Na kama ambavyo mnakili mwaminifu hunakili herufi pamoja na irabu zake, seli inapogawanyika kiko kimeng'enya kinachopitia uzi mpya wa DNA na kurudishia alama zilizokuwa katika uzi wa zamani. Ndiyo maana seli ya ini huzaa seli za ini, na jeni za kingamwili zikaendelea kunyamaza humo kizazi hadi kizazi.

Katika seli B changa, sukuni hizo huondolewa mahali maalumu na kwa wakati maalumu. Vimeng'enya vya jamii ya TET huanzisha kazi ya kuzikwangua. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba panya walioondolewa vimeng'enya viwili vya jamii hii katika seli B changa walishindwa kuzikuza seli hizo ipasavyo, kwa kuwa jeni za mnyororo mwepesi hazikufunguka vyema. Hapo awali, mwaka 1998, maabara ya Yehudit Bergman ya Jerusalem ilikuwa imeonyesha jambo jingine la ajabu, pia kwa kutumia panya. Kila seli ina nakala mbili za jeni, moja ya baba na nyingine ya mama. Nakala zote mbili za jeni ya mnyororo mwepesi uitwao kapa huwa na methili mwanzoni, lakini moja huondolewa alama kabla ya nyingine, na hiyo iliyotangulia ndiyo inayopangwa upya. Jambo hili linasaidia kueleza kwa nini seli moja ya B hutengeneza kingamwili ya aina moja ya ncha, sharti ambalo nadharia ya kinga imelitegemea tangu Frank Macfarlane Burnet alipoitoa mwaka 1957.

Inafaa kuweka tahadhari mbili. Kwanza, methili si mlinzi pekee. Kuondolewa kwake peke yake hakutoshi kuipanga jeni upya. Zipo pia protini ambazo DNA imezungushwa juu yake, na zipo protini za kuamsha jeni, na wataalamu bado wanajadiliana ni wapi kuondolewa kwa methili ndiko chanzo na ni wapi ndiko matokeo. Pili, tafiti za Machakos za miaka ya 1980 hazikupima methili. Zilipima kingamwili. Uhusiano uliopo ni wa kimantiki: ngeli haiwezi kuchaguliwa kama jeni yake haikufunguliwa, na mtoto wa Kangundo aliyekuwa akikua huku akiingia kijitoni alikuwa na seli ambazo, mwaka baada ya mwaka, zilikuwa zikifungua kurasa nyingine.

Neno moja, mizigo miwili

Kufikia hapa msomaji amesoma kuhusu jeni, ngeli na methili bila kulazimika kuikimbilia lugha nyingine. Je, hii ina maana kwamba istilahi zote zi tayari? La hasha! Lipo neno moja katika makala haya lenye ufa, na usipozibwa mapema ukuta wote utaanguka. Neno hilo ni kingamwili.

Katika matumizi ya sasa neno hili limebebeshwa mizigo miwili. Wapo wanaolitumia kwa maana ya protini yenye umbo la panda iliyoelezwa hapo juu. Wapo wanaolitumia kwa maana ya kinga nzima ya mwili, maana ambayo huimarishwa na kirefu cha UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Maana hizi mbili hukaribiana katika sikio, lakini zinapingana pale ambapo uhai wa mtu unaweza kutegemea tofauti yake. Tazama sentensi hii, ambayo ni muhtasari halali wa utafiti wa Machakos: watoto wadogo walikuwa na kingamwili tele, lakini hawakuwa na kinga. Kwa msomaji wa maana ya pili, sentensi hii ni upuuzi mtupu. Ni sawa na kusema kwamba mtu ana maji lakini hana maji.

Madhara yake hayaishii kichochoni. Vipimo vingi vya virusi vya UKIMWI vinavyotumiwa katika vituo vya afya hutafuta kingamwili katika damu au mate. Mtu akiambiwa kwamba kingamwili zimeonekana, na akalielewa neno hilo kuwa ni kinga, anaweza kurudi nyumbani akishukuru kwamba mwili wake una ulinzi, ilhali habari aliyopewa ni kwamba ameambukizwa. Hili si kosa la mgonjwa. Ni kosa la istilahi.

Pendekezo ni kwamba neno kinga libaki kwa hali ya mwili kulindwa; mfumo wa kinga litumike kwa seli na viungo vyote vinavyohusika; nalo kingamwili lifungiwe maana moja tu, ile ya protini. Uamuzi wa aina hii ukifanywa mara moja, ukafuatwa katika vitabu, magazeti, redio na vituo vya afya, utaokoa mengi.

Mfano mwingine ni neno chembe. Huenda likatumika kwa seli, kwa jeni au kwa punje yoyote ndogo. Wakati wa chanjo za korona, zilizoanza kutolewa nchini Kenya Machi 2021, uvumi ulienea duniani kwamba chanjo hizo hubadili DNA ya mwanadamu. Ukweli ni kwamba chanjo hizo haziandiki upya jeni za mtu. Lakini ni kweli pia kwamba seli B hukata na kupanga upya jeni zake za kingamwili, kwa mtu aliyechanjwa na asiyechanjwa, tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake, na mabadiliko hayo hayarithiwi na mtoto wake. Anayetaka kuujibu uvumi kwa ukweli wote anahitaji lugha inayotenganisha seli, jeni na kingamwili. Mwenye neno moja la chembe kwa vyote vitatu atalazimika kunyamaza au kudanganya.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza husema kwamba sayansi ya Kenya hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia shule hadi chuo kikuu, hivyo kuitafutia Kiswahili ni kupoteza wakati. Hoja hii inasahau kwamba darasa si mahali pekee sayansi inapohitajika. Mtu anayeombwa kutoa damu kwa ajili ya utafiti hutakiwa kutoa ridhaa, na ridhaa ya mtu asiyeelewa anachoridhia ni saini tu. Zamani aliulizwa kuhusu kinyesi na minyoo, mambo anayoyaona kwa macho. Leo anaweza kuombwa damu ili jeni zake zisomwe na methili zake zihesabiwe. Kama fomu ya ridhaa itasema "vitu fulani katika damu", basi deni la miaka ya 1980 litakuwa limeongezewa riba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Heshima hiyo haina uzito ikiwa lugha rasmi haiwezi kumweleza raia kinachofanywa kwa damu yake.

Pingamizi la pili hutoka upande mwingine. Machakos ni nchi ya Wakamba, na bibi wa Kangundo huzungumza Kikamba. Je, Kiswahili hakitakuwa mgeni mwingine tu mlangoni pake? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kikamba kina haki yake, na maelezo ya mwisho kwa mzee huenda yakawa kwa Kikamba. Lakini mhudumu wa afya wa kijijini, mwalimu na mtangazaji wa redio hufikiwa kwa urahisi zaidi na maandishi ya Kiswahili, na dhana iliyokwisha kunyooshwa katika lugha moja ya Kibantu huvuka kwa wepesi kwenda nyingine. Kikamba nacho kina ngeli, na mfano wa mzizi na kiambishi hauhitaji kutafsiriwa kwa Mkamba. Unahitaji kuonyeshwa tu.

Pingamizi la tatu husikika ndani ya idara za Kiswahili zenyewe: kwamba hizi ni kazi za wanabiolojia, na mwanafasihi ashughulike na tenzi na riwaya. Kauli hii inaumiza zaidi kwa sababu inatoka nyumbani. Mwanabiolojia anajua methili hufanya nini, lakini huenda hajawahi kuiona sukuni. Anayezijua zote mbili, au anayeweza kuketi na mwenzake hadi wote wawili wazijue, ndiye anayehitajika. Mlinganisho ni taaluma ya mwanafasihi. Yeye ndiye aliyefunzwa kuona pale sitiari inapofaa na pale inapopotosha. Akiliacha zoezi hili, sitiari zitaendelea kuagizwa kutoka ng'ambo na kubandikwa juu ya Kiswahili kama kiraka.

Nini kifanyike?

Kwanza, istilahi zipitiwe upya. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990, nayo Kamusi ya Tiba ilitolewa mwaka 2003. Kazi hizo zilikuwa za kishujaa, lakini elimu ya jeni na methili imepiga hatua kubwa tangu wakati huo. Anayesubiri kamusi nyingine ndipo aandike atasubiri sana, kwa kuwa istilahi hukomaa zikitumiwa katika sentensi. Orodha ya maneno pekee haijawahi kumfundisha mtu kuhusu kinga.

Pili, wanafunzi wa uzamili wakubaliwe na wahimizwe kuandika tasnifu zinazoufafanua utafiti mmoja wa kisayansi uliofanywa Afrika Mashariki, wakishirikiana na wanafunzi wa biolojia. Vyuo vilivyo karibu na maeneo yenyewe, kama Chuo Kikuu cha Machakos kilichopewa hati yake mwaka 2016, vina nafasi ya pekee. Umbali kutoka darasa la Kiswahili hadi maabara ya biolojia ni mwendo wa dakika chache, nao umbali hadi Kangundo si mrefu.

Tatu, maandishi hayo yapimwe kwa wasomaji wanaohusika kabla ya kupimwa na watahini. Yasomewe wahudumu wa afya na wazazi, kisha waulizwe wameelewa nini. Sentensi moja ingetosha kuwa mtihani wa kwanza, ile ya watoto waliokuwa na kingamwili tele bila kuwa na kinga. Ikieleweka, Kiswahili kimefanya kazi yake. Isipoeleweka, iandikwe upya.

Hakuna haja ya kuwalaumu watafiti wa miaka ile kwa kuchapisha kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo. Waliwaandikia wenzao kwa lugha ya wenzao, na elimu yao imewafaa wengi duniani. Kuiandika elimu hiyo kwa Kiswahili ilikuwa na ingali kazi ya wanakiswahili. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1983 sasa amevuka miaka 50, na yawezekana ana wajukuu wanaovuka kijito kile kile wakienda shuleni. Akiulizwa na mjukuu damu aliyotoa ilionyesha nini, anastahili kuwa na jibu.